Rangwe Haimo Kwenye Orodha

Wiki ile Rangwe nzima ilikosa kazi kwa sababu yangu, na kwa siku tatu hakuna aliyejua, hata mimi mwenyewe.

Nina meza kwenye baraza ya duka la Mama Ayesha, sokoni Rangwe, mkabala na kinu cha kusaga. Mama Ayesha jina lake ni Sainab. Alikuja na mumewe kutoka Garissa, wanauza vitambaa, ndoo na simu, na baraza ameniachia mimi nichaji simu za watu na kubadilisha vioo vilivyopasuka. Nina kazi nyingine ambayo haina malipo wala jina. Mtu akisikia kuna orodha imetoka mahali, ya kazi, ya shule au ya mbolea, anakuja kwenye meza yangu na kusema, Boaz, hebu nitafutie.

Kutafuta kwenyewe si uganga. Unafungua ukurasa, unagusa vidoti vitatu vilivyo kwenye kona ya juu, unateremka mpaka palipoandikwa "Tafuta katika ukurasa", unaandika jina. Likiwemo, linapakwa rangi ya chungwa na pembeni inaandikwa 1/1, moja kwa moja. Lisipokuwemo, inaandikwa sifuri kwa sifuri. Kabla ya hapo watu walikuwa wakiteremka na orodha ya majina mia tatu kwa kidole gumba, wakifika katikati macho yanalia, wanasahau walikofika, wanaanza upya. Mimi namaliza kabla mtu hajakaa vizuri kwenye benchi. Mzee Elkana, karani mstaafu ambaye haamini kitu kisicho na muhuri, aliponiona nikifanya hivyo mara ya kwanza aliniuliza kama hiyo simu inaweza pia kumtafutia ndama wake.

Nilimwambia inaweza, mradi ndama awe ametuma maombi.

Hapo ndipo tabia yangu inapojulikana, na lazima niseme la Fanuel pia, maana ndilo lililokuja kuniponza. Fanuel ni seremala, anatengeneza viti karibu na kituo cha polisi. Mwezi wa kwanza alikuja kutafutiwa jina kwenye orodha moja ya mafunzo. Halikuwemo. Lakini unapotafuta jina, wewe mwenyewe umeliandika kwenye kile kisanduku cha juu, kwa hiyo jina lako liko kwenye kioo, herufi zote, hata kama orodha haikujui. Nikamgeuzia simu nikamwonyesha kisanduku. Fanuel akasoma "Fanuel" mara tatu. Akanunulia benchi zima soda, akaenda nyumbani, akachinja jogoo. Nilikusudia kumwambia jioni. Jioni jogoo alikuwa ameshaiva.

Tangu siku hiyo watu walikuja kwangu kwa wingi uleule, ila kila mtu alikuwa akiinama kuangalia chini ya kisanduku.

Sasa, huo mradi. Wafadhili fulani walitangaza kazi ya kupima maji ya visima na mabwawa katika kaunti mbili, Homa Bay na Migori, kwa mwaka mmoja na nusu. Walitaka wapimaji wenye cheti cha maabara, na wasaidizi waliomaliza kidato cha nne. Umri usizidi miaka thelathini. Walieleza kwamba hawatampigia mtu simu kwa sababu matapeli wamezidi. Majina yangewekwa kwenye tovuti Jumanne, na kila aliyechaguliwa afike Homa Bay na vyeti vyake halisi kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Asiyefika, nafasi yake inakwenda kwa mtu wa akiba.

Kutoka Rangwe waliomba watu wengi, nikiwemo mimi. Lakini aliyeiomba kazi ile kwa mwili na roho alikuwa Damaris.

Damaris ni binti wa Mama Edith wa Asumbi. Tulikaa darasa moja la msingi mpaka akapanda na mimi nikabaki kidogo. Ana cheti cha maabara alichokipata miaka minne iliyopita na hajawahi kukitumia isipokuwa siku alipopima maji ya tangi la Mama Ayesha akamwambia asiyanywe. Mama Ayesha akanywa, akaumwa, na tangu hapo anamheshimu. Damaris alikuwa atimize miaka thelathini na moja mwezi uliofuata. Mradi wenyewe ulisema utaajiri tena baada ya miaka miwili. Hesabu hiyo hata mimi niliyebaki darasani naiweza: kama si safari hii, basi tena. Alikuja kuniuliza Jumapili kama orodha imetoka, akaja Jumatatu, na Jumanne alifika kabla sijafungua mwavuli.

Jinsi ninavyofanya kazi yangu inahitaji maelezo kidogo. Asubuhi saa kumi na mbili Mama Ayesha hununua bando la saa moja ili aonane na dada yake wa Garissa kwenye simu. Wanazungumza dakika hamsini. Zile kumi za mwisho ananipa mimi. Kwa dakika kumi nafungua kila kitu ambacho Rangwe itakitaka siku hiyo, matokeo ya mpira, matangazo, orodha, nahifadhi kurasa ndani ya simu, na bando likikatika mimi nina gazeti langu la siku nzima bila intaneti. Anayetaka nakala namtumia faili, linaingia kwenye simu yake bure. Rangwe yote inasoma hivyo. Hakuna anayefungua ukurasa ambao Boaz ameshaufungua, huo ni ubadhirifu.

Jumanne nilifungua ile orodha, nikaihifadhi, bando likakatika. Nikatafuta jina langu kwanza. Sifuri. Sikushangaa. Nikatafuta la Damaris, naye amesimama nyuma yangu ananipumulia shingoni.

Najua kutafuta. Sikuandika majina yake yote, maana orodha nyingine huanza na jina la baba na simu haina akili ya kugeuza. Niliandika "Damaris" peke yake. Wakatokea wanne. Nikabonyeza mshale wa kushuka: wa kwanza wa Homa Bay Mjini, wa pili na wa tatu wa Kasipul, wa nne wa Ndhiwa. Nikaandika jina la baba yake, Obura. Sifuri kwa sifuri.

Akaniambia nitafute "Rangwe", kwa kuwa majina yalikuwa yamepangwa kwa kaunti ndogo. Nikaandika Rangwe. Sifuri kwa sifuri.

"Yaani Rangwe yote?"

"Rangwe yote, nyamin," nikamwambia, kwa Kijaluo dada yangu. "Angalau hujakosa peke yako."

Ulikuwa mzaha wa kumfariji. Hakucheka. Aliomba nimtumie lile faili, akalitafuta yeye mwenyewe mara mbili kwenye simu yake, akaona nilichoona. Akarudisha simu mfukoni na kumsalimia Mama Ayesha kama kawaida, akaenda zake kwa miguu, ingawa boda zilikuwa pale.

Siku hiyo watu ishirini na watatu walikuja. Wote niliwapa sifuri. Mwanzoni niliwatania, nikawaambia kwamba maji ya Rangwe yanajipima yenyewe. Kufikia mchana haikuwa mzaha tena. Watu hawakukaa benchi wakiulizana nani amekosa, walikuwa wakiulizana ni nani amekula. Nchagwa alikuwa amejileta mwenyewe. Nchagwa ni Mkuria wa Kehancha, analeta ndizi Rangwe mara mbili kwa wiki, na mtu fulani alipotafuta Kuria Magharibi kwenye faili langu yakatokea majina ishirini na nane, na Kuria Mashariki ishirini na mbili. Wakamgeukia Nchagwa kana kwamba ameyaficha chini ya ndizi. Nchagwa akawajibu kwamba Wakuria wana visima vingi na wanajua kusoma, akaendelea kuuza. Lakini ndizi hazikutoka vizuri siku hiyo.

Jumatano mzee Elkana akaandika barua. Ilianza "Sisi wakazi wa Rangwe, kwa masikitiko makubwa" na ilikuwa na kurasa mbili. Alichora mistari kwa rula, jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Mimi nilitia sahihi ya tatu. Niliombwa nithibitishe kama mtaalamu kwamba Rangwe haimo, na nikathibitisha, mbele ya watu, nikaonyesha simu. Damaris hakuja kutia sahihi. Elkana alimfuata mpaka Asumbi akapata sahihi yake, akarudi akisema msichana yule hana moto, anachanganya udongo na samadi apake sakafu ya mama yake, ameambiwa na mama yake kwamba kama hana kazi basi kazi iko.

Ijumaa ni siku ya ndizi. Nchagwa alifika saa mbili na nusu, akateremsha mikungu, akaja kuchaji simu. Alikuwa amevimba uso kwa kukosa usingizi. Akaniambia amelala Homa Bay na mpwa wake Gisiri, ambaye anakaa Suna, kule Migori mjini. Kijana amechaguliwa, amekuja jana ili awahi foleni.

Nikamwambia hongera. Kisha, kwa ajili ya kupitisha muda tu, nikafungua faili langu nikaandika "Gisiri".

Sifuri kwa sifuri.

Nikaandika "Suna". Sifuri kwa sifuri.

Nikamwambia Nchagwa kwa upole kwamba mpwa wake amemdanganya, hayumo. Akatoa simu yake, akanionyesha picha ambayo Gisiri alikuwa ameipiga kwenye kioo cha simu ya rafiki. Ilikuwa orodha ileile, rangi ileile, maandishi yaleyale, na Gisiri yumo. Pembeni mwa jina lake kulikuwa na nambari: mia tatu na kumi na moja.

Niliangalia hiyo nambari kwa muda. Halafu nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa siku tatu zote. Niliweka kidole gumba kwenye orodha na kuteremka, kizamani, mpaka chini kabisa. Jina la mwisho kwenye faili langu lilikuwa la mtu wa Nyatike, nambari mia mbili. Chini yake kulikuwa na maandishi ya kijivu hafifu, madogo, "Majina 1 hadi 200 kati ya 346", na chini ya hayo kitufe kilichoandikwa "Onyesha zaidi". Nikakigusa. Hakikufanya kitu. Ukurasa uliohifadhiwa ni picha ya nyumba, huwezi kufungua mlango wake.

Nyatike. Halafu Rangwe. Halafu Rongo, Suba, Suna, Uriri. Hata alfabeti ninaifahamu.

Simu ilikuwa imetafuta vizuri kabisa kile ilichopewa. Nilichoipa mimi kilikuwa zaidi ya nusu kidogo. Na kwa kuwa nilijua kutafuta, sikuwa na haja ya kuteremka, na kwa kuwa Rangwe yote ina faili langu, Rangwe yote iliteremka mpaka mia mbili au haikuteremka kabisa.

Niliingia dukani nikamwomba Mama Ayesha bando. Aliniuliza kwa nini nimesawijika. Nilipomweleza alinikabidhi simu yake. Nikafungua ukurasa wenyewe, nikagusa kitufe, kiduara kikazunguka, majina yakaingia. Rangwe: kumi na tisa. Namba mia mbili na kumi na tisa, Obura Damaris Akinyi, mpimaji, kituo Sindo.

Saa tatu na dakika tano. Nikampigia.

Nilimwambia yumo. Akaniuliza kama leo ni zamu yake ya kuchinja jogoo. Nikamwambia naapa. Akaniambia hata kwa Fanuel niliapa, na hilo ni kweli. Akakata. Nikapiga tena, haikupokelewa. Mama Ayesha akampigia na laini yake, nayo haikupokelewa.

Nikamkimbilia mzee Elkana, aliyekuwa ameketi na barua yake akisubiri gari la kumpeleka kuiwasilisha. Nilipomwambia Rangwe ina majina kumi na tisa alivua miwani na kuniangalia kama mtu anayeangalia muhuri wa bandia. Akasema mimi ndiye niliyethibitisha, tena mbele ya mashahidi arobaini. Nikamwonyesha simu ya Mama Ayesha. Akasoma kisanduku cha juu, ambamo nilikuwa nimeandika "Rangwe", akatikisa kichwa.

"Boaz, mwanangu. Mimi si Fanuel."

Nikaona nitapoteza asubuhi. Nikachukua boda mpaka Asumbi.

Mama Edith alikuwa mlangoni, na Damaris alikuwa ndani ya nyumba amepiga magoti, mikono imejaa udongo na samadi mpaka kwenye viwiko. Nusu ya sakafu ilikuwa imeshapakwa, laini kama mgongo wa samaki. Hakuinuka. Aliniambia nisikanyage palipo pabichi.

Nilieleza yote, nikiwa nimesimama nje ya kizingiti. Nilieleza Nyatike, mia mbili, kitufe. Mama Edith alisikiliza akaniuliza kama nimekunywa chai. Damaris aliendelea kupaka. Alipomaliza mraba wake alisema, bila hasira, kwamba nimpe simu yake, iko dirishani, alitazame lile faili. Nikamfungulia faili. Nikaandika "Obura" huku akitazama. Ikaja sifuri kwa sifuri.

"Unaona?"

"Hilo ndilo faili bovu."

"Ni lako. Ni wewe ulinitumia."

Nikatoa simu yangu, niliyoitilia bando njiani, nimwonyeshe ukurasa wenyewe, nikakuta mtandao wa pale ni ule wa kuhurumiwa, kijiti kimoja kinachokuja na kuondoka. Kiduara kikazunguka mpaka kikachoka. Mama Edith akasema kwamba mtandao unapatikana kwenye kichuguu, nyuma ya choo, na akamwambia binti yake kwa Kijaluo jambo ambalo nikilitafsiri kwa adabu ni kwamba hata mwongo huwa na siku yake ya kupumzika.

Damaris akainuka. Nikataka kushika simu yake nimfungulie, maana mikono yake ilikuwa vile. Akakataa. Alisema safari hii hakuna mkono wa Boaz kwenye kioo. Akaenda kwenye mtungi, akanawa, akajifuta kwa kanga, akanawa tena, maana kioo cha simu hakielewani na samadi. Mimi nilikuwa nahesabu dakika. Yeye alikuwa akisafisha kucha.

Saa nne na robo alikuwa juu ya kichuguu. Mimi nilisimama chini, mbali, mikono nyuma, kama nilivyoamriwa. Alifungua ukurasa kwa bando lake mwenyewe. Ulichukua muda kufika. Akateremka kwa kidole, jina moja moja. Sikumharakisha, ingawa ulimi uliniwasha. Alipofika chini alisimama.

"Nagusa hii ya 'Onyesha zaidi'?"

"Gusa."

Akagusa. Akasubiri. Upepo ukaleta mtandao na kuuondoa, akainua simu juu ya kichwa, akaishusha. Kisha nikaona kidole chake kikienda kwenye vidoti vitatu, akaandika, na hakuandika jina la baba yake. Aliandika "Damaris". Niliona midomo yake ikihesabu.

"Walikuwa wanne," akasema. "Sasa ni watano."

Akabonyeza mshale wa kushuka. Homa Bay Mjini. Kasipul. Kasipul. Ndhiwa. Akabonyeza mara ya tano na akaacha kusogea. Alisoma kwa sauti ya chini, nambari, jina, cheo, kituo. Akasoma tena akifunika kisanduku cha juu kwa kidole gumba, ili ahakikishe kwamba anachosoma kiko kwenye orodha na si kile alichokiandika yeye. Kisha akateremka kutoka kwenye kichuguu akanipita bila kunitazama, akaingia ndani kutafuta vyeti.

Alitoka baada ya dakika kumi, amevaa gauni la kanisani, bahasha kifuani, udongo mkavu bado umebaki nyuma ya kiwiko kimoja. Boda iliyonileta ilikuwa bado ipo. Nikapanda mbele yake kwa mazoea, Mama Edith akanishika shati.

"Wewe unaenda wapi? Sakafu inakauka."

Ndivyo ilivyokuwa. Samadi ikishachanganywa haingojei mtu, ukiiacha nusu inapasuka pale inapokutana na mpya. Damaris alikuwa ameacha nusu. Kwetu mwanamume hapaki sakafu, na nilimkumbusha Mama Edith jambo hilo kwa heshima zote. Alinijibu kwamba kwetu pia mwanamume hawanyimi kazi watu wa kaunti ndogo nzima. Akanipa beseni.

Kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia kwa wengine, nikiwa nimepiga magoti.

Kabla boda haijafika barabara kuu Damaris alimpigia mzee Elkana. Alimwambia maneno machache tu, kwamba ni Damaris wala si Boaz, kwamba ameona kwa macho yake, na kwamba ile karatasi ya malalamiko ina nambari za simu za watu wote. Elkana akaweka rula chini ya sahihi ya kwanza. Mama Ayesha alimsomea majina kumi na tisa kutoka kwenye simu yake, Elkana akayatafuta kwa rula kwenye barua, mstari kwa mstari, na kila aliyepatikana alipigiwa. Wanasema alikuwa akijitambulisha kwa cheo chake chote cha ukarani kabla ya kufikia habari. Hata hivyo watu walimwamini. Saa tano na nusu Rangwe haikuwa na boda hata moja.

Damaris alifika Homa Bay saa tano na dakika arobaini. Mezani palikuwa na karani mwenye orodha iliyochapishwa, kurasa tisa zilizobanwa kwa pini. Alimwuliza jina na kuanza kutafuta kuanzia ukurasa wa kwanza, kwa ncha ya kalamu, akilamba kidole kila anapofunua. Damaris alimwambia aanze na ukurasa wa sita. Karani akasema kila kitu kina utaratibu. Foleni nyuma yake ilikuwa ya watu wa Rangwe wanaohema. Kalamu ikapita Kabondo, ikapita Karachuonyo, ikasimama Kasipul kwa Damaris asiye yeye, karani akataka kumpa fomu ya huyo. Damaris akakataa. Ikaendelea. Saa sita kasoro dakika nane ikafika mia mbili na kumi na tisa. Karani akaangalia cheti, akaangalia kitambulisho, akahesabu miaka kwa vidole.

"Umebakisha wiki tatu," akamwambia.

"Najua," akasema Damaris, akatia sahihi.

Wa Rangwe walifika kumi na saba kati ya kumi na tisa. Mmoja alikuwa Sindo kwa dada yake na boda yake ikaharibika mlimani. Mwingine, Leonida, alikuwa ameondoka Jumatano kwenda Nairobi kutafuta kazi za nyumbani kwa sababu mtaalamu alimwambia Rangwe haimo. Alipopigiwa na Elkana alikuwa anaosha vyombo vya watu. Nilimpigia mimi pia jioni, kuomba msamaha. Akadhani ni mzaha, akacheka, akanitakia usiku mwema. Sijampigia tena. Nitampigia.

Barua ya mzee Elkana ilipelekwa vilevile Jumatatu, kwa kuwa sahihi zilikuwa zimeshapatikana. Siku hizi anaeleza sokoni kwamba Jumanne Rangwe ilikuwa na sifuri, Jumatano yeye akaandika, na Ijumaa majina yakawa kumi na tisa, kila mtu ajionee mwenyewe kalamu inafanya nini. Sijamsahihisha. Nchagwa anauza ndizi zake zote, na mtu akimtania kuhusu Kuria Magharibi anamwuliza kama ameteremka mpaka chini.

Mimi nimebadilisha utaratibu. Naanza chini, natafuta kile kitufe, nagusa mpaka kiishe, ndipo nahifadhi. Mama Ayesha ameniongezea dakika tano. Jina langu nililitafuta tena jioni ileile ya Ijumaa, kwenye orodha kamili, majina mia tatu arobaini na sita. Sifuri kwa sifuri. Hiyo ilikuwa ya kweli.

Damaris alirudi Asumbi saa kumi, bado yuko kwenye gauni la kanisani, akavua viatu mlangoni. Nilikuwa nimemaliza na nimeketi nje, mikono imekauka na kuwa kama magamba. Aliingia akatazama sakafu kwa muda mrefu. Nusu yake ilikuwa laini. Nusu yangu ilionyesha vidole vyote kumi, na pale tulipokutana, katikati ya chumba, kulikuwa na ufa ulionyooka kutoka ukuta hadi ukuta.

Akaniita ndani nikauone. Akaweka kidole cha mguu juu ya ule ufa.

"Hapa ndipo mia mbili," akasema, akaenda kumsaidia mama yake kuwasha moto.